Kijiko cha Mafuta Kinaenda Wapi?

Mazungumzo na wamama wa siku ya kilo, Bunia

Kaeni muzuri. Wenye watoto wachanga wanyonyeshe, hakuna atakayewakataza. Leo tutafuata safari ya kitu kimoja ambacho kila mmoja wenu anakijua: kijiko kimoja cha mafuta ya ngazi. Unayanunua sokoni katika chupa. Unayamwaga katika sombe. Mtoto anakula. Halafu? Mafuta yale yanaenda wapi?

Nimeuliza swali hilo mara nyingi, na majibu ninayopata ni matatu. Mama wa kwanza anasema, "Yanaingia tumboni, na kesho yanatoka." Wa pili anasema, "Yanamfanya mtoto anenepe." Wa tatu anasema, "Mafuta yanaleta kuhara, mimi simpi mtoto mpaka atimize miaka miwili." Tutaona kama majibu hayo ni ya kweli. Lakini kwanza nitawaambia kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nifundishe somo hili.

1. MTOTO NILIYEMSIFU

Nilikuwa nimetoka shuleni karibuni, nikafanya kazi katika kituo kidogo kijijini. Mama mmoja alileta mtoto wa karibu miaka miwili. Mashavu yamejaa, mikono mizito. Nilimpima, nikaona kilo zimeongezeka kupita mwezi uliotangulia. Nikamsifu mama, "Unamlisha muzuri sana." Nikaandika kwenye karatasi yake, nikaita mwingine.

Sikubonyeza miguu yake. Sikuuliza kwa nini hachezi na wenzake, wala kwa nini anageuza uso akiona chakula. Mdogo wake wa wiki tatu alikuwa kifuani mwa mama, nami sikuuliza huyu mkubwa anakula nini tangu alipoachishwa maziwa. Kama ningeuliza, mama angeniambia: bugali ya muhogo na sombe, asubuhi na jioni.

Baada ya wiki mbili mama alirudi mbio. Ngozi ya mapaja ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta mzee. Nywele zilikuwa nyekundu, ukizishika zinatoka bila nguvu. Tulimpeleka hospitali. Usiku wa pili alikufa.

Kilo zile nilizozisifu zilikuwa maji. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Lakini mulisema amenenepa." Neno hilo ninalo mpaka leo, na kila mwaka ninawaambia wanafunzi wangu.

Sasa tufuate kijiko chetu, na mwisho tutarudi kwa mtoto huyu.

2. MAFUTA NI NINI?

Wamama wanaopika sabuni wanajua kitu ambacho wengine hawajui. Ukichanganya mafuta ya ngazi na soda, mafuta yanageuka, yanakuwa kitu kingine. Kumbe mafuta si kitu kimoja. Kila tone ni kama mizigo mitatu iliyofungwa kwenye mti mmoja. Soda inafungua kamba, na mizigo inaachana. Mizigo hiyo inaitwa asidi za mafuta. Msiogope neno asidi. Hii haichomi kama ile ya batiri.

Asidi ya mafuta ni nyuzi ndefu. Ifananishe na muwa wenye vifundo. Karibu nusu ya asidi zilizo katika mafuta ya ngazi ni za aina moja, yenye vifundo 16. Waganga wanaiita asidi ya palmiti, na jina hilo linatoka kwa mti wenyewe, mungazi. Kumbukeni muwa huu wa vifundo 16, tutaukata baadaye.

3. NDANI YA MATUMBO: SABUNI YA MWILI

Mama akiosha sufuria yenye mafuta kwa maji matupu, je, yanatoka? Hapana. Anatafuta sabuni. Mwili pia uko na sabuni yake, nayo ni nyongo. Ini linaitengeneza na kuimwaga katika matumbo madogo. Nyongo inayapasua mafuta kuwa matone madogo sana.

Halafu kinakuja kimeng'enya kutoka kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kimeng'enya ni mkasi wa mwili. Kinakata kamba, na asidi za mafuta zinaachana. Sasa zimekuwa ndogo, zinaweza kupita ukuta wa utumbo.

Basi jibu la mama wa kwanza si kweli. Mtoto mwenye afya anapokea karibu mafuta yote anayokula. Ni machache sana yanayotoka kesho.

Tena kuna faida nyingine. Rangi nyekundu ya mafuta ya ngazi, na ile iliyofichwa ndani ya majani ya sombe na lengalenga, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Rangi hiyo haiingii vizuri bila mafuta. Majani bila mafuta, sehemu kubwa ya faida hiyo inapotea.

4. NDANI YA DAMU: WACHUKUZI

Sasa mafuta yamevuka ukuta wa utumbo. Lakini kuna shida. Damu ni maji maji, na mafuta hayapatani na maji. Mwaga mafuta mtoni, utaona yanaelea tu. Yatasafiri namna gani?

Mwili unayafunga tena mizigo mitatu mitatu, unayaweka katika vifurushi vidogo, na kila kifurushi kinavikwa nguo. Sehemu ya lazima ya nguo hiyo ni protini. Protini ni nini? Ni kile kinachotoka katika maharagi, samaki, mayai, maziwa, nyama, soya na karanga. Sisi tunaita vyakula vya kujenga mwili.

Vifurushi vinapanda kwa mishipa midogo yenye maji meupe kama maziwa, vinaingia katika damu karibu na shingo, upande wa kushoto. Toka hapo vinazunguka mwili wote.

Usiku, mtoto akilala bila kula, mwili unafungua ghala yake ya mafuta na kutoa asidi za mafuta. Hizo nazo hazitembei peke yake. Zinabebwa na protini nyingine, jina lake albumini, ambayo ini linaitengeneza. Mnaona, wamama? Kila mahali mafuta yanapokwenda, protini ndiyo mchukuzi. Shikeni neno hili.

5. MLANGONI NA JIKONI

Mwili wa mtoto umejengwa kwa chembe ndogo ndogo sana, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Wanafunzi wetu wanaziita seli. Huwezi kuiona chembe kwa macho, lakini ni chumba kamili. Iko na ukuta, mlango, na jiko.

Kifurushi kikifika kwenye mishipa myembamba ya damu, karibu na chembe za nyama ya mguu au za moyo, kinakuta mkasi mwingine umesimama ukutani. Mkasi unakifungua, na asidi za mafuta zinaachana mara ya pili. Zinapita ukuta wa chembe. Hapo mlangoni kuna protini zinazozipokea na kuzivusha.

Zikiisha kuingia, chembe inazifunga alama, kama mfanyabiashara anavyotia alama kwenye gunia lake. Mwenye alama harudi nje. Halafu chembe inaamua: huyu aende jikoni, huyu aende ghalani, huyu akajenge ukuta.

Jiko la chembe linaitwa mitokondria. Chembe moja iko na majiko mengi, na chembe za moyo ziko nayo mengi zaidi, kwa sababu moyo haupumziki. Ule muwa mrefu hauwezi kupita mlango wa jiko peke yake. Unavushwa na mchukuzi mdogo anayeitwa karnitini. Ndani unakatwa, kila mara vifundo viwili. Muwa wa vifundo 16 unakatwa mara 7, unatoa vipande 8. Vipande hivyo vinachomwa pamoja na hewa tunayovuta. Moto wake hauonekani, lakini ndio joto la mtoto unalolisikia ukimbeba mgongoni, na ndiyo nguvu yake ya kutambaa na kucheza. Majivu yake ni maji, na ile hewa tunayoitoa puani.

Kuni hizi ni nzuri sana. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9. Gramu moja ya unga inatoa 4 tu. Mtoto mdogo tumbo lake si kubwa kupita ngumi zake mbili. Hawezi kula bugali kama baba yake. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta katika uji kinamwongezea karibu kalori 40 bila kumjaza tumbo.

Lakini msiseme, "Basi nitampa mafuta peke yake." Hapana. Chembe nyekundu za damu hazina jiko la namna hii, zinataka sukari itokayo katika unga na matunda. Ubongo pia hauchomi mafuta hivi hivi. Ukikosa sukari, unangoja ini liyageuze mafuta kwanza. Kwa hiyo bugali na uji havitoki mezani.

6. GHALA, UKUTA NA MAZIWA

Mafuta yasiyochomwa leo yanawekwa akiba chini ya ngozi. Ndiyo maana mtoto mwenye afya ana mapaja laini. Mtu mzima anayekula mafuta mengi na kukaa tu, ghala yake inafurika, na hiyo inaleta magonjwa ya moyo na ya sukari. Lakini mtoto mdogo anayekua, shida yake hapa kwetu si mafuta mengi. Ni machache.

Sehemu nyingine inajenga ukuta wa chembe zenyewe, na ubongo. Kuna aina mbili za asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke katika chakula. Tunazipata katika soya, katika samaki, katika majani ya kijani, na aina moja iko kwa wingi katika karanga.

Na mama anayenyonyesha? Mwili wake unafanya jambo la ajabu. Ile mikasi iliyo katika mishipa inapunguza kazi kwenye ghala yake, inaongeza kazi kwenye maziwa. Mafuta anayokula, na akiba aliyoiweka wakati wa mimba, vinapelekwa kwa mtoto. Karibu nusu ya nguvu iliyo katika maziwa ya mama inatoka kwa mafuta. Tena maziwa ya mwanzo ni mepesi, na ya mwisho yana mafuta zaidi. Mama mwenye haraka, anayemwondoa mtoto baada ya dakika mbili ili amwekee upande wa pili, anamnyima sehemu ile yenye nguvu. Acha amalize titi moja kwanza.

7. INI LILILOJAA

Sasa turudi kwa yule mtoto niliyemsifu. Ugonjwa wake ni kwashiorkor. Ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki. Jina kwashiorkor limetoka Ghana. Munganga mwanamke wa Uingereza, Cicely Williams, alieleza ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akauandika kwa jina ambalo wamama wa kule walikuwa wanalitumia: ugonjwa unaomshika mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Wamama walikuwa wamekwisha kuona kabla ya waganga.

Katika ugonjwa huu ini linajaa mafuta. Mtasema, "Kumbe alikula mafuta mengi?" Hapana! Mara nyingi mtoto huyu hajayaonja. Ini linapokea asidi za mafuta kutoka ghalani, na unga wa ziada linaugeuza mafuta. Kazi yake ni kuyavika nguo na kuyatuma kwenye chembe zinazoyangoja. Lakini nguo ni protini, na protini hazipo. Hata majiko ndani ya chembe za ini yanafanya kazi vibaya, hayachomi kama inavyofaa. Basi mafuta yanakaa. Ni kama soko lililojaa magunia, na hakuna mchukuzi hata mmoja. Magunia yamejaa, na nyumbani watu wanalala njaa.

Albumini nayo inapungua sana. Chumvi na maji ya mwili havikai tena mahali pake, chembe zinaumia, maji yanakusanyika miguuni na usoni. Chanzo si kimoja. Kuhara, surua na magonjwa mengine ya kuambukiza yanausukuma ugonjwa mbele. Lakini ninyi mnaona mashavu, na mimi nikaona kilo. Wote tulidanganyika. Mtoto aliyejaa maji hakunenepa.

8. NYUMBANI FANYENI HIVI

Maziwa. Mpe mtoto maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Toka miezi 6 anza chakula, na endelea kunyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi. Ukipata mimba nyingine, huyu mkubwa ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Uji. Chukua vijiko vikubwa vitatu vya unga wa mahindi au mtama, na kijiko kikubwa kimoja cha unga wa soya au karanga zilizosagwa. Soya lazima ikaangwe kabla ya kusagwa. Uji ukiiva, tia kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya ngazi katika sahani ya mtoto. Mafuta na mchukuzi wake waingie pamoja katika sahani moja.

Sombe. Iive sana, itie mafuta, na ndani yake weka karanga zilizosagwa au samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert, waliopondwa vizuri. Maharagi yasikose siku nyingi. Kama pesa ni kidogo, punguza ukubwa wa bugali kabla ya kupunguza maharagi.

Mafuta. Usiyachome mpaka yawe meupe. Rangi ikiondoka, vitamini inaondoka nayo.

Karanga. Zenye kuvu zitupwe. Kuvu ile iko na sumu inayoharibu ini, na kuipika hakuiondoi.

Kuhara. Mama wa tatu, nakujibu sasa. Kijiko kidogo cha mafuta katika uji hakileti kuhara. Mara nyingi kinacholeta kuhara ni maji machafu, mikono isiyooshwa, na uji wa jana. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya hospitali, mnyonyeshe, na usimnyime chakula.

Miguu. Kila juma bonyeza mgongo wa miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, kisha ondoa. Kama shimo linabaki katika miguu yote miwili, mlete hospitali siku ile ile. Usingoje siku ya kilo. Hata kama kamba ya mkono inaonyesha rangi ya kijani, mlete. Usijaribu kumponya nyumbani kwa kumjaza mafuta na nyama. Mtoto aliyefika hapo chembe zake ni dhaifu, chakula kingi cha ghafula kinaweza kumwua. Hospitali tunaanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, mchana na usiku.

Akiisha kupata nguvu, tunampa zile pakiti za karanga mnazozijua, zilizoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1996. Ndani yake mna nini? Karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Mafuta na wachukuzi wake, pamoja. Pakiti hizo ni dawa ya mgonjwa. Msiziuze, na msiwagawie watoto wengine.

9. MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

Kwa nini mafuta hayawezi kutembea peke yake katika damu?
Muwa wa vifundo 16 unakatwa mara ngapi jikoni mwa chembe?
Kwa nini ini la mtoto wa kwashiorkor linajaa mafuta, na mwili wake unalala njaa?
Utajuaje kama mtoto amenenepa kweli, au amejaa maji?

Wamama, wengi wenu mmetoka mbali. Wengine mmekimbia vita upande wa Djugu na Irumu, mashamba yameachwa, na ninajua kwamba maharagi ya kununua si sawa na maharagi ya kuvuna. Siwaambii haya ili kuwatia haya. Nawaambia ili pesa kidogo mliyo nayo iende mahali panapofaa. Glasi ya maharagi na kijiko cha mafuta, pamoja, kila siku, vinasaidia kumlinda mtoto na ugonjwa ambao ukikomaa hata sisi hospitalini tunashindwa mara nyingine.

Nanyi mkiona muuguzi anamsifu mtoto wenu kwa kilo bila kugusa miguu yake, msiogope. Mwambieni kwa heshima, "Dada, naomba ubonyeze miguu kwanza." Kama mama yule angeniambia hivyo siku ile, ningebonyeza.

Sasa leteni watoto kwenye kilo. Na kila mmoja avuliwe viatu.